Mtego wa kopo wa nzi wa maembe: mzuri, ila hukamata madume tu

Kopo la plastiki lenye mfuniko wa njano, kizibo cha methili ujenoli (kemikali yenye harufu ya kuvutia nzi) na kipande cha dawa ya kuulia. Kazi yake kopo linaifanya, lakini wengi hulinunua kwa matarajio yasiyo yake. Harufu ile huita madume ya Bactrocera dorsalis, nzi wa Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi Afrika kusini mwa Sahara. Jike, mtoboaji wa embe mwenyewe, hutaga mayai chini ya ganda na haji hapo. Yeye huvutwa na chambo cha protini, kinachouzwa kando. Kopo likijaa, basi, usidhani shamba limepona.

Tundika kivulini, mita 1.5 hadi 2 kutoka chini, majani yasiguse. Paka grisi kwenye waya, la sivyo sisimizi watabeba mizoga yote nawe uamini hakuna nzi. Methili ujenoli ikidondokea nje ya kopo, nzi watatua nje. Badilisha kizibo kila wiki 6 hivi.

Funza hudondoka kutoka kwenye embe na kugeuka pupa (hatua ya kabla ya kuwa nzi) udongoni, sentimita chache tu chini. Maembe yaliyoanguka yafukie nusu mita, kila wiki.