Kugonga au kukumbatia? Namna mbili za kumwangusha mbeba mpira katika futiboli ya Kimarekani ya vyuo

Kugonga ndiko kunakoshangiliwa: bega linatangulia, mikono imelegea, macho yanatazama nyasi. Ukipatia, mtu anaanguka chali. Ukikosa, hakuna kinachomshika. Anayumba kidogo, huyoo, anaenda zake. Ukimgonga kwa utosi wa kofia yako ngumu, tangu 2013 adhabu ni timu yako kurudishwa yadi 15, nawe kutolewa mchezoni.

Kukumbatia kumetoka kwenye raga; Pete Carroll, wakati huo kocha wa timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks, alikueneza kwa video ya mafunzo mwaka 2014. Fupisha hatua unapomkaribia. Kanyaga karibu naye kwa mguu wa upande wa bega litakalogusa, bega lizame pajani, kichwa kibaki nyuma yake. Kumbatia miguu yake yote miwili, vuta, kisha jibiringishe naye. Kosa kubwa ni kujirusha ukiwa mbali: miguu yako imeshasimama, unaambulia kiatu.

Mbona basi wanaokosa ni wengi? Ustadi huu unataka kurudiwa kwa mtu halisi. Tangu 2021, maandalizi ya kabla ya msimu yanaruhusu siku 9 tu za vifaa kamili, na kugongana kwa nguvu zote kusizidi dakika 75 kwa zoezi. Ni sawa kwa ubongo wa vijana, lakini pete la sponji linalobingirishwa badala ya mtu halipigi chenga. Tena mashambulizi ya leo hutawanya wachezaji katika upana wa mita 49 hivi, mlinzi anabaki peke yake. Hapo kugonga ni kamari.