Siku tano Glastonbury kumfuata Dua Lipa: nilicholipia na nilichokipata

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa na kila mtu kazini. Tiketi ya Glastonbury, tamasha kubwa la muziki la shambani huku Uingereza, ya Juni 2024 ilikuwa paundi 355, na juu yake paundi 5 za huduma. Tulikuwa wawili, mimi na binti wa dada yangu anayekaa kwangu Bristol kwa masomo, kwa hiyo zidisha mara mbili. Bado nauli, bado hema, bado chakula. Kwa hela ile ningemaliza kuezeka chumba cha uani Tanga, na fundi angebaki na chenji.

Aliyetaka kwenda ni mtoto. Yeye na mwimbaji Dua Lipa ni mapenzi ya tangu sekondari: anajua kwamba wazazi wa mwimbaji huyo walitoka Kosovo wakahamia London, kwamba alipelekwa Pristina, mji mkuu wa Kosovo, akiwa mdogo kisha akarejea London peke yake ana miaka 15 kutafuta muziki. Habari hizi nimesimuliwa jikoni mara nyingi kiasi kwamba naweza kufanyia mtihani. Kiangazi kile mwimbaji alikuwa anazunguka Ulaya na albamu mpya iliyotoka Mei, kuanzia Berlin, Pula na Nîmes, kisha matamasha makubwa: Glastonbury, halafu Madrid na Lisbon mwezi Julai. Mtoto akasema, "Mama mdogo, Glastonbury ndiyo yenyewe, na ni hapa mlangoni kwetu." Ni kweli, kutoka Bristol ni karibu kuliko Tanga na Lushoto.

Kuipata tiketi ni kazi. Kwanza unajiandikisha na picha yako, mapema kabisa. Kisha inakuja Jumapili moja ya Novemba, saa tatu asubuhi, nchi nzima inakimbilia ukurasa mmoja. Tulikaa mezani na simu mbili na kompyuta, ukurasa unatuambia subirini, chai inapoa. Mtu mmoja anaruhusiwa kukatia watu hadi sita, na rafiki wa mtoto ndiye aliyepenya akatubeba. Kabla ya saa moja kupita, zilikuwa zimekwisha zote. Lakini nisifie hapa: picha yako iko kwenye tiketi, mwingine hawezi kuingia nayo. Kwa sisi tuliozoea mechi ya watani ambapo mlanguzi ana tiketi nyingi kuliko dirisha, nilifurahi. Pia tuliweka amana ya paundi 75 na salio tukalipa Aprili. Kwa mtu wa mshahara wa nyumba ya wazee, miezi ile mitano ilinisaidia sana.

Tuliingia Alhamisi nilipotoka zamu ya usiku. Makosa yangu mawili, yasikukute. La kwanza, nilibeba sanduku la magurudumu. Sanduku la magurudumu kwenye malisho ya ng'ombe! Nililivuta mpaka gurudumu moja likang'oka, likabaki linalima tuta nyuma yangu, na vijana wenye mabegi ya mgongoni wananipita wakiniambia pole. Lile ni shamba kweli, Worthy Farm, kijiji cha Pilton huko Somerset. Mwanzilishi wa tamasha, Michael Eavis, ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Tamasha la kwanza mwaka 1970 kiingilio kilikuwa paundi 1 na maziwa unapewa bure. Siku hizi watu zaidi ya laki mbili wanakaa humo, na kutoka hema letu mpaka jukwaa kubwa la Pyramid ilikuwa mwendo wa nusu saa na zaidi.

La pili ni hema. Nililinunua mtandaoni kwa paundi 30, duka silitaji, na mti wake ulipasuka kabla hatujausimamisha. Jirani wa kulia, binti wa Kiingereza mwenye pambo la kumetameta usoni tangu asubuhi, akaja na utepe wa gundi akaufunga kama mguu uliovunjika. Ulidumu mpaka Jumatatu. Mvua haikutunyeshea, alhamdulillahi. Matope ya Glastonbury ni maarufu na mimi nilikuwa na buti za mpira mpya zilizorudi nyumbani hazijui udongo.

Sasa vyoo, maana najua mnataka kuuliza. Vingi ni vya shimo: mlango wa bati, juu wazi, chini usiangalie. Wenzangu kazini walinitisha navyo wiki nzima. Jamani, bibi yangu alikuwa Handeni, choo cha shimo nimekulia. Nilikwenda na kopo langu la plastiki lenye mkono, kanga mbili na sabuni, nikawa tajiri wa eneo letu. Mabomba ya maji yako kila upande, na maji ya chupa za plastiki hayauzwi tangu 2019, kwa hiyo kila mtu ana chupa yake. Hakuna aliyejali mtu wa Tanga akipita na kopo. Ila yule jirani aliuliza la kazi gani. Nikamweleza bila kupindapinda. Akanyamaza, akawaza.

Chakula kipo cha kila aina, na sahani ya kari na wali niliilipia paundi 12, nikaila polepole. Unaruhusiwa kuingia na chako, basi tuliishi kwa maandazi, chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Fanyeni hivyo.

Siku yenyewe ni Ijumaa, tarehe 28. Mtoto alitaka tuwe mbele, kwa hiyo tulijipanga mchana, wakati kundi la Seventeen la Korea linaimba na wasichana wanalia machozi ya kweli. Kiasi cha saa kumi na mbili jioni akapanda mama mmoja, Marina Abramović, msanii wa Serbia, amevaa gauni jeupe lililoshonwa kwa umbo la alama ya amani. Akaomba umati wote unyamaze dakika saba. Nilijua hawataweza, maelfu kwa maelfu ya watu walioshinda wanakunywa juani. Wakanyamaza! Upande wetu nilisikia bendera zinapigwa na upepo, mtoto mchanga akikohoa mahali, na muziki wa majukwaa ya mbali unavuma kama harusi ya mtaa wa pili. Mwanamume mbele yangu alikuwa na bia mkononi, hakuinua hata mara moja. Sikuwa nimelipia kitu hicho wala sikujua kipo, na ndicho nilichomsimulia dada kwanza.

Jua la Juni kule linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Magharibi ikaingia, Dua Lipa anapanda saa nne. Nikamwambia mtoto abaki na wenzake, nikatoka kurudi nyuma mpaka kilimani palipo na nafasi, nikatandika kanga nikaswali. Nilipogeuka, njia ya kurudi mbele haikuwepo tena. Palikuwa vichwa tu. Kwa hiyo onyesho moja tuliliona mara mbili, yeye akiwa mbele kwenye msongamano na mimi kilimani, na usiku kwenye hema tukalinganisha.

Yeye alimwona usoni. Alimwona akijifuta jasho, akamwona akicheka aliposema kwamba jambo hili, kufunga usiku kwenye jukwaa lile kubwa, aliliandika zamani kwenye karatasi kuwa analitaka, na aliandika iwe Ijumaa ili siku zilizobaki astarehe. Mwaka 2017 alikuwa ameimba hapohapo shambani kwenye hema la pembeni. Lakini mtoto huyohuyo alisimama kwa muda wa saa tisa bila choo, akasukumwa, na bendera ya mtu ilimziba nusu ya nyimbo. Mimi nilimwona mwimbaji akiwa na ukubwa wa kidole, nikategemea skrini. Ila niliona kilima kizima kikirukaruka kwa pamoja, taa zinapita juu ya watu kama upepo kwenye mpunga, na wazee wa umri wangu wanaserebuka na viti vyao vya kukunja mkononi. Alipomleta Kevin Parker wa Tame Impala waimbe pamoja, simjui, lakini kwa kelele ile nikajua ni mkubwa. Ni mchapakazi yule binti. Alicheza karibu muda wote na hakuonekana kuchoka. Nyimbo mpya zilinipita, za zamani hata mimi niliimba, wallahi.

Je, ingefaa kulipa paundi 360 kwa ajili yake peke yake? Hapana. Kama unamtaka msanii mmoja, msubiri onyesho lake mwenyewe, ukae kwenye kiti chenye namba, urudi kwako ulale. Wenzangu waliangalia BBC kwenye sofa wakamwona vizuri kuliko sisi sote wawili. Glastonbury unalipia kijiji, na msanii ni kama ng'ombe wa shughuli: wote wanamtaja yeye, ila waliokuja wamekuja kukaa pamoja. Usipopenda kulala chini, kutembea na kusikia jirani akikoroma, utaona umeibiwa.

Mimi nimeipa nyota nne. Moja nimeiondoa kwa ajili ya mgongo wangu. Kwa 2025 bei ilitangazwa paundi 373.50 na zile 5, na 2026 ulipangwa kuwa mwaka wa kulilaza shamba bila tamasha, majani yapumue. Mtoto ameshaanza kuhesabu. Mimi nimemwambia nitafikiri, na nikija, nakuja na begi la mgongoni.

Jumapili jioni nilimpata wa kwangu, Burna Boy, aliyekuwa ameujaza uwanja wa London usiku wa jana yake. Huyo nilicheza kilimani mpaka kanga ikafunguka. Tuliporudi kwenye hema, binti jirani alikuwa amesimama nje anatusubiri, pambo limemwisha usoni, mikono nyuma. Akaniomba radhi kwanza. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumwazima lile kopo.