Chupa tatu za Nebbiolo: kwanini mwaka naangalia mwisho

Haya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo mezani nina chupa tatu za waini, zote nyekundu, zote zimetoka Piemonte kule kaskazini magharibi mwa Italia, na zote ni zabibu ile ile moja inaitwa Nebbiolo. Maana swali mnaloniuliza kila siku ni kaka si 2016 ndo mwaka wenyewe wa mavuno, nikikuta Barolo ya 2016, ile waini maarufu ya Nebbiolo, nibebe tu? Hapana, usibebe tu. Mi naangalia mtengenezaji kwanza, alafu kijiji, mwaka ndo wa mwisho, na huo mwaka kazi yake kubwa ni kuniambia nifungue lini. Lebo nimezifunika na gazeti makusudi ili tusibishane majina, na hakuna aliyenilipa, hizi nimenunua kwa hela yangu na bado inauma.

Chupa ya tatu, ile ya kushoto, nimeifungua tangu saa sita mchana na sa hivi ni saa kumi na moja jioni, tuiache kwanza.

Sasa angalieni rangi. Unaona ilivyopauka? Mtu hajazoea anasema hii imechakachuliwa na maji, unaweza kusoma meseji kwa upande wa pili wa glasi, na pembeni inaenda kwenye rangi ya tofali. Usidanganyike bana. Ukinusa unapata waridi lililokauka na lami, ndio, lami ile ile ya barabarani ikipigwa na jua, alafu ukinywa ulimi unakauka kama umekula bibo. Huo ukakasi ndo tanini, Nebbiolo imejaaliwa nao kuliko zabibu nyingi tu, na ndo maana sheria yao inasema Barolo isiuzwe mpaka ifikishe miezi 38, na 18 kati ya hiyo ikae kwenye mapipa ya mbao. Ukiona imeandikwa Riserva hiyo ni miezi 62.

Chupa ya kwanza ni Langhe Nebbiolo, Langhe ni vile vilima vya huko Piemonte, imenigharimu yuro 19. Hii haina masharti hayo ya kukaa miaka, mara nyingi mtengenezaji wa Barolo anaweka humu zabibu za mizabibu yake michanga. Tunda mbele, ukakasi wa adabu, unafungua leo unakunywa leo. Kwa anayeanza mi nasema anza hapa, na chagua mtengenezaji ambaye Barolo yake ungeitamani ila mfuko umegoma.

Ya pili, Barolo ya La Morra, 2017. Hapa ndo utamu. Barolo inatoka kwenye vijiji 11 na udongo haufanani. Upande wa magharibi, La Morra na kijiji cha Barolo chenyewe, udongo ni laini zaidi, waini inatoka na harufu nyingi na inalegea mapema. Upande wa mashariki, Serralunga d'Alba, udongo ni mgumu na umeshikana, waini inatoka imekunja uso. Ongeza na 2017 kulikuwa na joto na ukame, zabibu zikaiva mapema, kwa hiyo hii chupa ni laini juu ya laini, kama jamu ya plamu hivi. Tamu, sikatai. Ila nanusa vanila na kahawa ya kukaangwa, na hiyo sio zabibu, hayo ni mapipa.

Na hii stori ya mapipa huko Langhe iligombanisha familia. Zamani wazee walikuwa wanaloweka maganda ya zabibu kwa wiki nyingi alafu wanaweka waini kwenye mapipa makubwa ya maelfu ya lita, miaka na miaka. Kijana mmoja wa La Morra, Elio Altare, akaenda Burgundy kule Ufaransa akaona wenzake wanavyotumia mapipa madogo ya lita 228, karudi nyumbani, mwaka 1983 akachukua msumeno wa mashine akayakata mapipa ya baba yake. Baba akamfuta kwenye urithi! Upande wa pili mzee Bartolo Mascarello akachora lebo kwa mkono wake kuyapinga hayo mapipa madogo pamoja na Berlusconi, yule mwanasiasa wa Italia, kwa mpigo, sijui mapipa na Berlusconi vilikutana wapi lakini ndo hivyo. Siku hizi vita imepoa, wengi wako katikati, ila bado ukinunua muulize muuzaji huyu anatumia mapipa makubwa au madogo, maana lebo ya mbele mara nyingi haisemi, na hilo jibu litakusaidia kuliko maksi 95 kati ya 100 za mwonjaji usiyemjua.

Wenzangu wa Dodoma mnavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo habari ya mwaka mnaweza kuiona maringo. Kule ni mara moja tu, na Nebbiolo inachelewa kuiva, kwenye 2016 walivuna mpaka mwezi wa 10 taratibu kabisa, ndo maana watu wanaisifia. 2014 mvua iliwatesa, lakini Barbaresco, jirani tu hapo, nako wanatengeneza waini ya Nebbiolo, mvua ilikuwa na huruma kidogo, ukiona Barbaresco ya 2014 kwa bei nafuu usiipite. 2018 ni nyepesi, kunywa tu usiitunze.

Na mwaka mzuri hauokoi chupa iliyotunzwa vibaya. Kuna duka sitalitaja nilinunua Barolo ya 2010, mwaka wa kifalme, nikabeba kama yai, kufika nyumbani inanuka zabibu kavu zilizochemshwa. Ilikuwa imesimama dirishani juani sijui miezi mingapi, na mimi nimeiona kabisa pale dirishani nikaona raha. Uzembe wangu.

Haya, ya tatu. Serralunga, 2016, mtu wa mapipa makubwa. Saa sita mchana nilipoionja ilikuwa imefunga kama duka la Ijumaa saa saba, ukakasi mtupu, nikasema nimepigwa. Nimeimimina kwenye jagi, na hapa nina mbuzi wa kuchoma, maana mafuta na nyama ndo yanaushika ule ukakasi. Ngoja ninuse... aisee. Waridi limetoka, na kama ganda la chungwa hivi. Bado inakaza kwenye fizi, mi ningeiacha mpaka 2030, ninayo nyingine chini ya kitanda na hiyo siigusi. Hii ya kwenye jagi ngoja niimalizie na mbuzi kabla hajapoa.