CVT Inayosita: Giaboksi Imekufa au Imenyweshwa Oili Isiyo Yake?

Hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo sitawaonyesha viti wala redio. Leo ni giaboksi tu, kwa sababu swali mnaloniuliza kila siku ni hilo hilo: "Nikikanyaga mafuta gari linavuma tu, haliendi. Mara linavuta, mara linashikwa." Hili ninaloendesha sasa ni gari la Japani, injini ya lita 1.5, giaboksi ya CVT. Nimekaa nalo miezi 14 hapa Nairobi, na ugonjwa huo umenipata.

Kwanza tutenganishe tabia na ugonjwa. CVT haina gia za kupanda moja, mbili, tatu. Ndani mna puli mbili, na mkanda wa chuma uliopangwa kwa mamia ya vipande vidogo. Puli moja ikijibana, nyingine inajiachia, na gia inabadilika mfululizo bila kukatika. Wazo si la jana: Hub van Doorne wa Uholanzi alilionyesha kwenye gari dogo la DAF mwaka 1958, enzi hizo mikanda ikiwa ya mpira. Kwa hiyo ukikanyaga ghafla, injini hupaza sauti kwanza, mwendo ukafuata. Sikilizeni... mmesikia? Resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, imefika 4,000, na mwendo ndio kwanza unapanda. Huo si ubovu. Isitoshe, Nairobi tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia 15 ya nguvu zake. Gari lililokuwa jepesi Mombasa litakuwa zito ukilipandisha Waiyaki Way kuelekea Kangemi, na giaboksi haina kosa lolote.

Sasa ugonjwa. Mwezi wa tatu gari lilianza kutikisika kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, hasa kwenye foleni ya Ngong Road, ule mwendo wa kukanyaga kidogo na kuachia. Unahisi kama unapita juu ya vile vijituta vilivyopangwa kabla ya kivuko, na barabara ni laini kabisa! Gereji ya kwanza wakaendesha dakika tano, wakaniambia giaboksi imekwisha, nitafute nyingine. Usiku huo sikulala.

Kabla ya kutoa pesa nikamwomba fundi mwingine akae kando yangu na skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Tukatafuta barabara tambarare, mguu nikautuliza. Jambo la kutazama ni hili: gari likitikisika na mshale wa resi umetulia, anza na plagi na koili, huenda injini inamisi, yaani mara nyingine inakosa kuwasha mafuta. Lakini mshale ukiruka juu na mwendo hauongezeki, kisha ukashuka, kuna kitu kinateleza kwenye giaboksi. Wangu uliruka.

Tukarudi kwenye karatasi. Mwezi mmoja kabla, nilifanya sevisi, na risiti inasema wazi: oili ya otomatiki ya kawaida. Hapo nilikasirika, nasema kweli. Mkanda wa CVT haushiki kwa meno. Ni chuma kinachobanwa na chuma, katikati kuna utando mwembamba wa oili, na oili ya CVT imetengenezwa ili utando huo ushike. Ile ya kawaida imetengenezwa kwa klachi za giaboksi ya aina nyingine. Ukiimimina humu, mkanda unateleza, unashika, unateleza tena. Ndio mtikisiko wenyewe. Ukienda Kirinyaga Road na mtu akakuambia oili ni oili, fungua kitabu cha gari umwonyeshe jina la oili inayotakiwa.

Tukafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Oili nyeusi kama strungi, inanuka kuungua. Ndani ya sampu kuna sumaku ndogo, na hiyo ndiyo iliyonipa moyo. Tazameni picha hii niliyopiga siku ile: ni unga laini, mweusi, ukiusugua kwa kidole unapaka kama masizi. Unga kama huo ni uchakavu wa kawaida. Kungekuwa na vipande vinavyong'aa na kuchoma kidole, mkanda au puli zingekuwa zimeumia, na leo ningekuwa nawapa habari nyingine.

Tulimwaga mara tatu, kila mara nikiendesha siku mbili kabla ya kumwaga tena, kwa sababu oili nyingi hubaki kwenye tokkonveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, na kwenye rejeta ya kupoza oili hiyo. Kipimo kilichukuliwa injini ikiunguruma, oili ikiwa kwenye joto alilotaja mtengenezaji. Baada ya mara ya pili mtikisiko ukaisha. Asubuhi za baridi, Julai hivi, bado kuna kushtuka kidogo mita mia za kwanza, kisha linatulia.

Je, ningelinunua tena? Kwa foleni za mjini, ndiyo. Ni laini na halili mafuta. Kama kazi yako ni kupandisha mizigo Limuru kila siku, hapana, tafuta gia za kawaida. Na ukienda yadi kulijaribu, usizunguke mtaa mmoja ukarudi. Liendeshe nusu saa hadi oili ipate joto, upite kwenye foleni, kisha upande mlima mrefu, ukitazama mshale wa resi. Mimi oili nitaibadilisha tena kila kilomita 40,000, na chupa nitaifungua mwenyewe, fundi akitazama.