Chupi za kuzuia mkojo: nilizovaa, nilizoacha na ninazonunua sasa hapa Mombasa

Kwa mwanamke anayeshinda kazini katika joto la Mombasa na mkojo unamchuruzika, chupi ya kinga iliyo bora ni ile nyembamba inayomkaa sawa kiunoni na mapajani, yenye kitambaa laini upande wa nje. Naanza na hukumu yangu kwa sababu ukiingia duka la dawa ukanong'ona shida yako, mara nyingi utapewa iliyo nene kuliko zote, kana kwamba unene ndio usalama. Mimi nimevaa nene na nyembamba, za kutupa na za kufua, na kilichonivujisha mara zote kilikuwa nafasi iliyobaki wazi pajani.

Nauza leso Barabara ya Biashara, nakaa ng'ambo ya Likoni. Nimezaa watoto wanne. Tangu yule wa mwisho, nikikohoa au nikiinua robota la leso, mkojo hunitoka kidogo. Miaka ya karibuni umezidi ule wa ghafla, haja inanishika na choo kiko mbali. Sasa fikiria foleni ya feri asubuhi, kisha kusimama dukani na wateja watatu kila mmoja anataka umfungulie doti. Daktari alinipima mkojo kama una maambukizi, akanipima na sukari, maana kisukari nacho humkojoza mtu. Alipoona sina hayo alinipeleka kufundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Yananisaidia, na ninamsihi kila dada mwenye shida hii ayaulizie. Lakini yanataka miezi mitatu ya kuyafanya kila siku kabla hujayapima, na duka hufunguliwa leo.

Pedi za hedhi nitazipita haraka. Hedhi hutoka polepole, mkojo hutoka kwa kasi na ni mwepesi kama maji, kwa hivyo hukimbilia pembeni kabla pedi haijaunyonya. Pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya mkojo ni kitu kingine kabisa. Ndani zina chembechembe zinazounyonya na kuugeuza ute mzito, hivyo hata ukikaa haukamuliki ukarudi kwenye ngozi. Kwa anayetokwa na matone tu anapopiga chafya, hizo ndani ya chupi yake ya kawaida iliyombana zinatosha, asitumie pesa zaidi.

Zile zenye gundi pembeni, ambazo wengi tunaziita pampas za wazee, zina kazi yake. Nilimuuguza mama yangu nazo na sikuona bora kuliko hizo: unamgeuza mgonjwa ubavu, unamfunga, humsimamishi. Nyingi zina mstari unaobadilika rangi zikilowa, basi humsumbui usiku kumkagua bure. Kwa mtu anayetembea ni mateso. Nilizovaa mimi zilikuwa na plastiki nje, na kila hatua zilinilia chakarachakara chini ya buibui. Buibui huficha umbo, halifichi sauti. Joto nalo! Mwezi wa Februari, kaskazi imetulia na hewa haiendi, nilitoka vipele vyekundu kinenani vilivyochukua muda kupona.

Ndipo nikahamia zile za kuvaa kama chupi, zenye lastiki kiunoni. Hapa ndipo nataka kukaa.

La kwanza ni kipimo. Chukua futi ya fundi, jipime kiuno, kisha jipime makalio pale palipo pana zaidi, uandike sentimita. Namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili ndiyo ya kutazama kwenye jedwali lililo nyuma ya paketi. Usikubali neno "midiamu" peke yake, kwani midiamu ya kampuni moja ni laji ya nyingine. Wanawake wengi wa umri wangu huchukua kubwa zaidi wakitaka nafasi, na nafasi hiyo ndiyo mkojo hupitia. Ukishaivaa, pitisha kidole kwenye mapaja: ndani kuna vikuta viwili vidogo vya lastiki ambavyo lazima visimame. Vikilala au vikikunjika, chupi ya bei yoyote itavuja. Kisha chuchumaa, kaa, panda ngazi. Kama inateremka nyuma ukichuchumaa, saizi siyo.

La pili ni kitambaa. Mimi kazi yangu ni kushika kitambaa, na nawaambia mshike. Fungua kipande kimoja, kifikiche karibu na sikio. Chenye nje ya kitambaa kinachopumua hakilii. Chenye plastiki kitakuumbua msikitini pakiwa kimya.

La tatu ni zile picha za matone kwenye paketi. Matone sita ya kampuni hii hayalingani na matone sita ya ile, kila mmoja huchora atakavyo. Hata kampuni inapoandika mililita, mara nyingi kipimo ni cha maabara, chupi ikiwa imelowekwa yote. Mwilini huanza kuvuja kabla ya hapo. Kibofu cha mtu mzima hubeba mililita 400 hadi 500 hivi kikijaa. Mimi ambaye hutokwa na sehemu tu ya hizo sina haja ya chupi ya lita moja na nusu chini ya dera. Nilizijaribu nyumbani kwa maji niliyotia chumvi kidogo, kijiko cha chai kisichojaa kwa nusu lita, kwa sababu maji matupu huzifanya chembechembe zile zinyonye kupita zinavyonyonya mkojo. Unamimina kikombe kwa kasi, unasubiri kidogo, unabonyeza na karatasi ya shashi. Nyembamba ninayoipenda ilitoa shashi karibu kavu. Moja nene, ya bei zaidi, ilirudisha maji.

Manukato siyataki. Harufu tunayoiogopa hutokea mkojo ukikaa, vijidudu vinapougeuza kuwa amonia, kwa hivyo dawa yake ni kubadilisha mapema. Chupi zenye manukato pamoja na jasho la hapa kwetu zilinitia muwasho. Nguo zangu nitazifukiza udi mwenyewe.

Za kufua, zilizoshonwa na tabaka la kunyonya ndani, ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Ukizitazama ni chupi hasa, binti yako akiziona kambani hatauliza. Mwanzoni zinauma mfuko, baadaye zinaokoa pesa nyingi. Zioshe bila dawa ya kulainisha nguo, maana huziba kitambaa kikaacha kunyonya. Tatizo langu nazo ni masika. Mvua za Aprili na Mei zikishika, tabaka lile linashinda kambani na jioni bado lina unyevu, na kuvaa chupi mbichi ni kuita fangasi. Basi hizo ni zangu za nyumbani na za miezi ya jua.

Kwa sisi tunaoswali kuna jambo ambalo muuzaji wa dawa hatakwambia. Mwalimu wangu wa madrasa alinifafanulia kwamba mtu ambaye mkojo haumkatiki ana udhuru: wakati wa sala ukiingia anajitoharisha, anavaa kinga safi, anatawadha, anaswali bila kuchelewa, na kila faradhi kwa udhu wake. Kila mmoja amuulize mwalimu wake kuhusu hali yake. Nalitaja kwa sababu linabadilisha hesabu ya manunuzi: unabadilisha mara nyingi, kwa hivyo nyembamba ya bei nafuu inakufaa kuliko nene unayoionea uchungu kuitupa. Na kwa kubadilisha upesi, chagua zinazochanika pembeni, usiivute iliyolowa hadi miguuni.

Kutupa kunahitaji mpango. Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, lile juala jeusi halipo tena. Mimi hukunja chupi kwa ndani, naifunga kwa gazeti, naitia kwenye mfuko wa karatasi kisha kwenye pipa. Chooni haiendi kamwe, inavimba na kuziba bomba la jengo zima.

Wako wanaojinyima maji ili wasilowe. Usifanye hivyo, dada yangu. Mkojo ukikolea unakichokoza kibofu na haja inazidi. Mimi nimepunguza kahawa chungu na chai ya mkandaa, maji sijapunguza.

Na kama mkojo wako unavuja mfululizo usiku na mchana tangu ulipozaa kwa uchungu wa muda mrefu, usinunue chupi ukanyamaza. Hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na fistula hutibiwa kwa upasuaji. Damu kwenye mkojo, homa, au ganzi miguuni pia ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ninachonunua sasa: paketi za nyembamba, saizi ya sentimita zangu, nje kitambaa, bila manukato, kwa ajili ya feri na dukani. Za kulalia ni nene kidogo za aina hiyohiyo. Kabla ya kununua paketi ya kampuni mpya, omba kipande kimoja. Yako maduka mjini yanayouza kimojakimoja, na muuzaji mwanamke akikuona unasitasita atakuita pembeni bila kuuliza mengi.