Fomu ya maoni ya kliniki ya akili: nyota mbili kati ya tano

Leo sipimi madaktari, napima fomu ya maoni wanayotupa pale kliniki ninapochomwa sindano yangu ya kila mwezi. Kliniki siitaji. Dar ni kubwa, lakini sisi wa faili za akili tunajuana.

Fomu yenyewe ni fotokopi ya fotokopi, vikatuni vya nyuso vimefifia mpaka unakisia kipi kimecheka na kipi kimenuna. Juu kabisa wameweka nafasi ya namba ya faili. Hapo ndipo walipoiharibu. Muuguzi anakukabidhi fomu, pamba aliyokufutia bado iko mkononi mwake, anakusimamia: "Jaza dada, tunakusanya." Nani ataweka tiki kwenye uso ulionuna, na mwezi ujao ni yeye huyohuyo mwenye sindano? Asiyejua kusoma anasomewa kwa sauti, benchi zima linasikia anachojibu. Basi sote tunajaza "nimeridhika sana", halafu asilimia zinabandikwa ukutani pale mapokezi, zinapendeza kweli.

Maswali ya usafi wa choo na lugha ya wahudumu sina ugomvi nayo. La foleni hata limezaa matunda, maana dirisha la dawa siku hizi lina watu wawili. Lakini kuna hili: "Je, ungependekeza huduma hii kwa rafiki?" Rafiki gani? Mtaani kwangu wanajua naenda kliniki ya presha, na mume wa dada yangu anajua hivyohivyo. Swali hilo halikubuniwa hapa, limo kwenye CSQ-8, dodoso la maswali 8 lililotungwa San Francisco miaka ya 1970 na kuenea kote. Uingereza nao walikuwa na swali la namna hiyo hospitalini, mpaka kwenye huduma za akili. Mwaka 2020 wakalibadilisha, sasa wanauliza tu kwa ujumla huduma ulizionaje.

Kinachoniuma zaidi ni kile kisichoulizwa. Nilipoanzishiwa haloperidol, dawa ya ugonjwa wa akili, shingo ilikakamaa ikageukia begani, taya likakataa kufunga, mate yanachuruzika. Mama akaita watu wa maombi. Kumbe ni dawa! Walipoongeza Artane, dawa ya kutuliza madhara hayo, nikarudi sawa. Hakuna aliyekuwa amenionya, na mpaka leo hakuna karatasi iliyoniuliza kama nilionywa.

Binamu yangu aliyeko Marekani alinitumia picha ya dodoso wanalojaza wagonjwa wa akili wa huko, linaitwa MHSIP. Sentensi moja inataka useme kama wahudumu walikueleza madhara ya dawa unayopaswa kuyaangalia. Nyingine, kama ulijisikia huru kulalamika. Nyingine, kama malengo ya matibabu uliyaamua wewe au wahudumu. Hiyo ya mwisho niliirudia kuisoma. Mimi malengo yangu sijawahi kuulizwa na mtu; naulizwa kama nalala na kama nasikia sauti.

Nyota ya kwanza ni ya Kiswahili chepesi, kwa sababu fomu nyingi za hospitali huhitaji mkalimani. Ya pili ni ya lile dirisha la dawa. Wakiondoa namba ya faili, na karatasi zikakusanywa na mtu asiyefanya kazi pale, nitawapa ya tatu. Ya nne wataipata siku watakayouliza kuhusu shingo.