Nimewinda na Wahadzabe Ziwa Eyasi siku mbili mfululizo, ya kwanza nilitaka kudai hela yangu, ya pili nilitaka kuhamia

Mimi upinde nimeanza kuupenda nikiwa la tatu huko, tulikuwa tunachonga vya fito na kamba ya katani tunaenda kulinda ndege kwenye mtama, na kwa miaka yote ile kitu pekee nilichowahi kukipata ni kuku wa jirani ambaye mpaka leo hajui nani alimlenga. Kwa hiyo kwenda kuwaona Wahadzabe, wale wawindaji wa kaskazini mwa Tanzania, kwangu haikuwa mambo ya kupiga picha na ngozi ya nyani, nilikuwa naenda kama mpenda mpira anavyoenda uwanjani. Nimejichangisha na washkaji watatu, mwaka jana mwezi wa nane, tukachukua kampuni moja pale Karatu (jina kapuni, sitaki kesi na mtu) watupeleke Mang'ola, kule bondeni kwa Ziwa Eyasi, kwa siku moja na kuturudisha.

Kosa la kwanza lilikuwa muda. Walisema watatuchukua saa kumi alfajiri, gari imekuja saa kumi na mbili kasoro, dereva anasema tairi. Sawa, tairi. Barabara ya kushuka Mang'ola yenyewe ukiikuta kiangazi ni vumbi na makorongo, tumefika bondeni jua limeshatoka lote na mashamba ya vitunguu yanamwagiliwa, watu wako kazini muda mrefu. Sasa mtu yeyote anayejua kuwinda hata kwa kusikia tu anajua kwamba mnyama mdogo anatembea alfajiri na mapema asubuhi, jua likishapanda anaingia kichakani analala. Sisi tumefika kambini wawindaji wamekaa kwenye moto wanatusubiri, wameambiwa wasiondoke, yaani watu wamezuiwa kwenda kutafuta chakula kwa sababu yetu. Niliona aibu kidogo hapo.

Afu ikaja gari ya pili, na ya tatu. Tukawa kumi na mmoja! Kuna dada alikuwa amejipulizia manukato nilikuwa nayasikia toka upande wa pili wa moto, kuna kaka anaongea na simu njia nzima, na mimi mwenyewe nilikuwa na koti la kitambaa kile kinachopiga kelele kila ukigusa tawi, sijitoi. Tumetembea kama dakika arobaini hivi, kijana mmoja akapiga kindege kimoja kwa ajili ya heshima yetu tu, tukarudi, tukalenga shabaha, wakaimba, tukaoneshwa shanga za kununua, kwisha. Mwongozaji wetu alikuwa anatafsiri kwa Kiingereza cha kukariri, "this tribe", "this tribe", na sisi wanne wote ni Waswahili tumekaa tunamtazama.

Na hapa ndio nikashtuka. Wakati wenzangu wanapiga picha nilikaa karibu na mzee mmoja nikamwuliza tu kwa Kiswahili, baba huu upinde ni mti gani? Akanijibu kwa Kiswahili kizuri kabisa. Yaani wao kwa wao wanaongea Kihadza, ile lugha yenye vidoko, hukamati hata neno maana haina undugu na lugha yoyote ya majirani, lakini Kiswahili wengi wao wanakijua vizuri tu. Sasa mkalimani wa nini? Mtalii wa Ulaya sawa, ila wewe unayesoma hapa una kitu ambacho yeye hata akilipa dola ngapi hana, unaweza kukaa chini ukaongea na mwindaji mwenyewe. Nikawaambia washkaji nyie rudini, mimi nabaki.

Nimelala gesti Mang'ola, jioni nikampata kijana wa pale pale anayewapeleka wageni, tukakubaliana saa kumi alfajiri, wageni wawili tu, mimi na jamaa mmoja tuliyekutana gesti, na hatuendi kambi ile ya jana, tunaenda ya mbali kidogo.

Siku ya pili ndio review yenyewe.

Tumefika bado giza, baridi ya maana, wamejikunyata kwenye moto na mbwa wao. Salamu yao ni "mtana", ukiitikia vizuri wanacheka. Mzee alikuwa ananyoosha mshale. Anaushika mti juu ya makaa, anauzungusha, ukishapata joto anauweka kati ya meno anauma na kuupinda taratibu, anautoa, anafumba jicho moja anautazama kwa urefu wake, anaurudisha tena motoni. Alifanya hivyo labda mara kumi kwa mshale mmoja. Mimi nimeshawahi kununua mishale ya dukani ya fiba, unaichukua imenyooka huulizi, na nikaona kumbe nilikuwa nakosa nusu ya jambo lenyewe. Manyoya ya mkiani ni ya kanga na ndege wengine wakubwa, yanafungwa kwa kano, na kano hiyo hiyo ya mnyama ndio ugwe wa upinde. Hamna gundi ya dukani hamna nini. Podo, ule mfuko wa mishale, pia hawabebi, mishale wanaishika mkononi pamoja na upinde, mitano sita hivi, kila mmoja na kazi yake.

Mishale ina aina zake. Kuna wa mti mtupu uliochongwa ncha, huo wa ndege na vitu vidogo, ukipotea au ukivunjika hakuna hasara. Kuna wa chuma bila sumu. Na kuna wa chuma wenye sumu, huo unafungwa kipande cha ngozi kwenye chembe chake, yaani kile kichwa cha mshale, sumu isikauke na isimguse mtu. Sumu mojawapo wanaitoa kwenye waridi la jangwani, ndio, lile lile lenye shina nene na maua ya pinki ambalo mjini mnalipanda kwenye vyungu mlangoni, linachemshwa mpaka linakuwa jeusi kama lami. Linapiga moyo. Nikamwuliza sasa nyama inalikaje, akasema pale ulipoingia mshale panakatwa panatupwa, nyingine inaliwa. Mishale ya sumu hawatembei nayo hovyo mkiwa na wageni, na mimi nilishukuru kwa hilo maana ningejikwaa tu.

Upinde wenyewe nimeomba kuvuta. Jamani. Unaonekana fimbo tu, mti mmoja mzima, karibu umenyooka, mrefu kama mtu, umevishwa vipande vya ngozi vya wanyama. Nimeuvuta umefika kifuani mkono ukaanza kutetemeka, watoto wakaanza kucheka, na mimi nilikuwa najiona najua upinde. Pinde zao kubwa uzito wake wa kuvuta unafika kilo 30 na kuzidi, na yule mzee mwili wake hata kilo 60 sidhani. Siri niliyoiona ni kwamba hakai ameuvuta. Wewe na mimi tunavuta, tunalenga, tunapumua, tunalenga tena mpaka misuli inachoka. Yeye anavuta na kuachia kwa pumzi moja, macho hayatoki kwenye mnyama, upinde unainuka mkononi kama vile mtu anavyonyoosha kidole. Watoto wa kiume wanapewa upinde wao mdogo wakiwa bado hata sentensi hawajamaliza vizuri, niliona mmoja kama miaka minne anapiga gunzi toka hatua kumi, anapata. Ile kuku yangu ya utotoni nikaona kama bahati tu.

Tukatoka. Hawatembei hawa, wanaelea. Vijana watatu na mbwa, mmoja ana jezi ya mpira chini na ngozi ya nyani juu, na mwendo wao ukiuangalia unaona wa kawaida ila ukibabaisha hatua tatu wameshapotea. Msitu wote ni miiba, kuna mti unaitwa kikwata, miiba yake imepinda kama ndoana, ukishakushika usivute mbele, rudi nyuma. Mimi nilivuta mbele. Shati lilibaki huko.

Kijana wa mbele akisimama wote mnasimama. Haongei, anatoa mluzi mdogo au ishara ya mkono. Wa kwanza alikuwa kindi kwenye mti, sikumwona mpaka alipoanguka, hatua kama ishirini na matawi yote yale katikati. Baadaye ndege wawili. Digidigi tulimkuta, mshale ukapita juu ya mgongo wake kidogo tu, kijana akacheka akaenda kuutafuta mshale wake, na kuutafuta kulichukua muda kuliko kuwinda, maana mshale ni kazi ya asubuhi nzima hauachwi. Hilo la kukosa ndilo nililolipenda zaidi kuliko yote. Jana yake ilikuwa maonesho, leo ilikuwa kazi, na kazini mtu anakosa. Kwa hiyo ukienda halafu hawakupata kitu usije ukaandika nyota moja, pori sio bucha.

Wamewasha moto pale pale kwa kupekecha kijiti, zamu kwa zamu, dakika chache tu moshi, ndege wakatupwa kwenye makaa na manyoya yao. Nimekula. Kindi nimekula pia, ni mgumu kidogo, ana ladha ya moshi, chumvi hakuna. Jamaa wa gesti alisema ameshiba toka asubuhi.

Nikauliza habari za mlembe, yule ndege anayewaita watu mpaka kwenye mzinga, wakasema msimu wa asali bado, njoo mvua ikishanyesha. Na hili mlijue mnapopanga safari, kiangazi wanyama wanasogea kwenye maji kwa hiyo kuwinda ndio kwake, masika ni asali na matunda. Ubuyu wao ni chakula hasa, sio peremende ya rangi nyekundu kama tunavyojua sisi.

Kurudi tukapitia kwa wahunzi wa Kidatoga, kabila la wafugaji majirani zao. Wageni wengi wanapita hapa haraka, mimi nawaambia kaeni. Vyembe vya mishale ya Wahadzabe vinatoka huku, misumari na vyuma chakavu vinapigwa kwenye moto wa mkaa wenye mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na Mhadzabe analeta asali au nyama anapewa chembe. Kufuli bovu linayeyushwa linakuwa bangili. Ukishaona hapa ndio mshale unaushika mkononi unaelewa umepita kwa watu wangapi.

Sasa malalamiko, maana siku ya pili nayo haikuwa peponi. Hela. Nililipa, na nilijaribu kuuliza kiasi gani kinamfikia mzee anayeuma mishale, nikapata majibu ya kuzungukazunguka, mara kijiji, mara mwongozaji, mara kambi. Ulizeni kabla hamjatoka, na mkinunua kitu nunueni kwa aliyekitengeneza, mkononi mwake. Mimi nilichukua mshale mmoja wa mti elfu kumi na tano bila kubembeleza, nimeuona ukitengenezwa nitapunguzaje bei. La pili, wageni ni wengi kwenye kambi za karibu na barabara, na mifugo na mashamba yanazidi kuingia, vijana wenyewe waliniambia wanyama wakubwa siku hizi mpaka uende mbali sana. Hilo halihusu kampuni yoyote ila ukienda utaliona kwa macho, utapishana na ng'ombe wengi kuliko swala.

Na jingine kwa wale mabingwa wenzangu wa mishale, msibebe pinde zenu mkidhani mtawinda pamoja nao. Mgeni unafuata na kutazama, kuwinda bila kibali nchi hii ni kosa na ukikamatwa utajieleza mwenyewe. Kulenga shabaha kambini ruksa, na utakosa.

Vaeni viatu vya kufunga, nguo nzito ya pamba isiyopiga kelele, rangi ya vumbi, manukato acheni gesti, maji lita mbili. Laleni Mang'ola usiku mmoja badala ya kutoka Karatu usiku wa manane, mtaokoa na ugomvi wa matairi. Msizidi wanne. Na muongee Kiswahili jamani, kaeni kwenye moto muulize.

Siku ya kwanza nyota mbili, moja ya wawindaji kwa uvumilivu wao na moja ya dereva ambaye kweli tairi lilikuwa limepasuka, nililiona baadaye. Siku ya pili nne na nusu, ile nusu nimeikata kwa habari ya hela.

Mshale ninao sebuleni. Baada ya wiki tatu za joto la mjini umeanza kupinda, nimejaribu kuupasha kwenye jiko la gesi na kuuma kama mzee, nimeuunguza kidogo na jino moja linaniuma mpaka leo.